Mchoro Usio na Bonde

Tak. Kimya. Tak-tak. Kimya tena, kisha mfululizo wa mibisho midogo, kama mtu anayegonga meza kwa kucha huku akimsubiri mwenziwe amalize kusema.

Anyosisye alisimama ndani ya ukungu akahesabu. Hakuona kibanda wala mlingoti, na hata ncha za viatu vyake aliziona kwa shida, lakini mlio ule aliujua kuliko mlio wa tumbo lake. Zilikuwa relei, swichi ndogo za umeme zinazojigonga zenyewe. Hatua hamsini mbele yake kompyuta ilikuwa imeiwasha redio, ikawa inaipandisha masafa hatua kwa hatua, na katika kila hatua inapima nguvu iliyokwenda kwenye antena na nguvu iliyorudi. Mibisho ishirini na minne. Kipimo cha saa tatu kamili, hakikuchelewa hata dakika.

Alitabasamu peke yake. Programu iliyokuwa ikibisha mle ndani aliiandika yeye, mstari kwa mstari, kwa miaka miwili ya macho mekundu. Nchi nzima iliiita Mizani. Tangu setilaiti zigongane na anga la juu kujaa vyuma, hakukuwa na njia nyingine ya kufikishiana habari upesi ila vibanda mia mbili na kumi na viwili vya redio za ridhaa, vilivyojengwa na watu walioipenda redio kabla haijahitajika. Vibanda vyote sasa vilipimwa na Mizani. Kilichopimwa sawa kilihesabiwa kuwa kimesikika.

Isipokuwa hapa Lihanje, ambako kwa siku tisa mtunza kituo alikuwa akibishana na kompyuta.

"Hodi hapa."

"Karibu, Mkaguzi. Pangusa viatu, sakafu imepigwa deki."

"Umejuaje kuwa mimi ni mkaguzi?"

"Nani mwingine atapanda Kitulo msimu huu na begi lisilo na hata kiazi kimoja?"

Mama Tulinagwe alikuwa na miaka hamsini na kitu, sweta la sufu lililoshonwa viraka kwenye viwiko, na buti za mpira. Kabla ya redio alitengeneza mitambo ya kupozea maziwa kwenye shamba la ng'ombe bondeni, na hadi leo aliikamata bisibisi kama wengine wanavyokamata kijiko. Alimmiminia mgeni chai, akasukuma mbele yake sufuria la viazi vya kuchemsha, akakaa.

Anyosisye hakugusa kiazi. Ndani ya begi alikuwa na barua ya Ofisi ya Mawimbi ya kumwondoa mama huyu kituoni, na hakupenda kula cha mtu kabla ya kumpa barua ya namna hiyo.

"Mama, nimesoma daftari lako, kurasa alizotuletea tarishi na hizi za mezani. Siku tisa umeandika neno moja tu."

"Sisikiki."

"Na siku zote tisa Mizani imekupa moja nukta tatu nane."

"Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo."

Anyosisye alisogeza kikombe pembeni. Aliwahi kufundisha jambo hili kwenye kumbi za watu mia tatu, angelifundisha na hapa. "Nguvu ikipanda kwenye antena nzima, inarushwa hewani. Antena ikiwa na hitilafu, sehemu ya nguvu inarudi ilikotoka. Inayokwenda na inayorudi zikikutana kwenye kebo, mawimbi yanasimama. Uwiano wake ndio tunaoupima. Moja ni ukamilifu, hakuna kilichorudi. Moja na nusu hakuna wa kulalamika. Tatu, zima redio uende kulala."

"Nilikuwa nafunga antena kabla mama yako hajafikiria kukuzaa," alisema Mama Tulinagwe. "Lakini endelea, unaeleza vizuri."

Anyosisye akageukia kompyuta, akaingiza neno lake la siri, akaamuru kipimo kipya. Relei zikabisha. Kwenye kioo ukachorwa mstari wa kijani, umelala kutoka kushoto hadi kulia kama meza iliyotandikwa. Moja nukta tatu nane. Hakuna mahali ulipopanda, hakuna ulipozama.

"Haya. Nani mwongo hapa, mimi au wewe?"

"Sijasikia uongo wa mtu yeyote. Njoo nikuonyeshe antena."

Alidhani watatoka nje. Badala yake mama alimpeleka stoo, nyuma ya gunia la mbegu za viazi. Ukutani, kwenye misumari miwili, zilining'inia koili mbili za waya wa shaba, kila moja imekunjwa vizuri, na juu yake yamefungwa mashada ya vitunguu.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Niliishusha Jumatatu ya juma lililopita. Waya mzuri kama huo haufai kukaa bure, nikautundikia vitunguu."

Anyosisye aliutazama ule waya muda mrefu kuliko unavyohitaji kutazamwa. Kisha akarudi mezani, akaamuru kipimo tena. Tak, tak-tak. Kijani. Moja nukta tatu nane.

"Sasa redio imeunganishwa na nini?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na ukungu, baba. Kula kiazi."

*

Kebo ilitoka nyuma ya redio, ikapita kwenye tundu la ukuta, ikazama ardhini. Waliufukua mtaro kwa jembe, yeye akichimba na mama akimwelekeza, na kila walipoinua udongo maji yalijaa nyuma ya jembe. Chini ya mlingoti Anyosisye aliikata kebo kwa kisu, akaishika ncha chini. Maji ya rangi ya chai yakadondoka kwenye kiganja chake, tone baada ya tone, bila haraka.

Mama aliliokota jembe.

Waraka namba nne aliuandika Anyosisye mwenyewe, miezi sita iliyopita, akiwa mjini penye joto na vumbi: kebo zote zishushwe kutoka kwenye nguzo na zifukiwe, zisipigwe na radi wala kuibiwa. Hakuwahi kuishi mahali ambapo mtaro ni jina jingine la kisima.

Alichuchumaa pale pale, akapiga hesabu kwa kijiti kwenye tope. Kebo iliyolowa hula nguvu. Wati mia zikiingia chini, kumi na sita tu zinafika juu. Kule juu hazikuti antena, zinageuka, na katika kurudi kebo inazila tena. Mlangoni mwa redio zinawasili mbili na nusu. Mita nayo, kwa uaminifu wake wote, inaona zimeondoka mia na zimerudi mbili na nusu, inaandika: safi. Kadiri kebo inavyooza ndivyo kinavyorudi kidogo, na ndivyo kituo kinavyopata alama nzuri zaidi.

"Antena nzima mchoro wake ukoje?" aliuliza, ingawa alijua. Alitaka kumsikia mtu mwingine akisema.

"Una bonde," alisema Mama Tulinagwe. "Katikati unazama, moja nukta moja hivi. Kingoni unapanda, moja nukta tisa, mbili. Nilipogundua kebo yenu ina maji nilirudisha ile ya zamani juu ya nguzo. Nikasikika. Nilipata saa moja nzima ya kusikika, kisha Mizani ikapima, ikaona moja nukta tisa kingoni, ikanifunga. Nikaichomeka kebo yenu mbovu, ikanifungua na kunipongeza."

"Katika hiyo saa moja ulimwita nani?"

"Usokela, bondeni. Bi Sekela, mtunza kituo wa kule, akanijibu vizuri tu, kwao kukavu, kebo haijalowa. Nikamwita na shemeji yangu, Lwitiko, mdogo wake marehemu mume wangu. Anatunza kituo cha bwawa la Ngolwe, juu ya Usokela. Kimya." Alifuta jembe kwenye majani. "Zamani kila asubuhi saa moja tulikuwa tunaitana. Lihanje anamwita Ngolwe, Ngolwe anamwita Usokela, mpaka tumalize mzunguko. Mtu anasema nakusikia vizuri, au nakusikia kwa mbali, au leo umekula nini sauti inakwaruza hivyo. Mkasema tunapoteza betri."

"Niliyesema ni mimi," alisema Anyosisye.

"Najua. Sahihi yako ina mkia mrefu."

"Kwa nini hukuvunja lakiri?" Kila redio ilikuwa na swichi ya kuitoa chini ya Mizani, na kila swichi ilikuwa imefungwa kwa lakiri nyekundu ya Ofisi.

"Nikivunja mnanifukuza siku hiyo hiyo, mnamleta hapa mtu asiyejua hata Lwitiko ni nani. Nikaona heri niandike daftarini neno la kuwaudhi mpaka mje wenyewe. Mmechukua siku tisa. Nilidhani mtawahi zaidi."

*

Mezani, mikono yake ikiwa bado na tope, Anyosisye alifungua michoro ya vituo vyote, ambayo matarishi waliikusanya na yeye akaja nayo kwenye diski. Alikuwa hajawahi kuitazama. Kwa nini aitazame? Mizani iliitazama kwa niaba yake na kumpa namba moja kwa kila kituo. Sasa aliipitisha kwenye kioo mmoja mmoja. Bonde. Bonde. Bonde. Bapa. Bonde. Bapa, bapa, bapa. Vya nyanda za juu vyote vilivyofukiwa kebo vilikuwa bapa. Alihesabu sitini na kimoja. Vilivyokuwa na bonde vilikuwa na karipio la njano pembeni, ingawa kingo zao hazikufika moja nukta tisa inayofungia kituo. Vilivyokuwa bapa vilikuwa na nyota.

Kimoja kilikuwa na nyota tatu. Ngolwe, moja nukta sufuri tano. Yeye ndiye aliyetia sahihi cheti cha kituo bora cha mwaka.

"Nionyeshe maji," alisema Mama Tulinagwe nyuma yake.

Akafungua ubao wa bwawa, ule ule unaosomwa Usokela. Maji yalikuwa mita tatu chini ya ukingo. Jana mita tatu. Juzi mita tatu. Kando ya kila namba palikuwa na alama ndogo kama punje ya mtama.

"Hiyo ni nini?"

"Kadirio," alisema. "Taarifa isipofika, Mizani hukadiria kutokana na siku zilizopita. Ubao mtupu ulikuwa unawatia watu hofu."

"Taarifa ya kweli ya mwisho ni ya lini?"

"Siku ishirini na tatu zilizopita."

Mvua kubwa za msimu zilikuwa zimeanza siku ishirini zilizopita.

"Bi Sekela aliniambia wamelima mpaka ukingoni mwa mto," alisema mama, taratibu, kama anayesoma orodha. "Maana ubao unasema maji yako chini. Na Lwitiko haruhusiwi kufungua mlango wa bwawa mpaka Usokela wamjibu kwamba watu wameondoka mtoni. Basi yuko kule anauliza, hajibiwi."

Anyosisye aliinuka, akaenda mlangoni, akarudi. Kibanda kilikuwa na hatua nne tu za kutembea, akazitembea mara nyingi.

Sheria aliijua kwa kuwa nayo aliiandika. Angeweza kuvipa vituo vyote sitini na kimoja alama nyekundu. Alama nyekundu ni kufuli: redio hazifunguki mpaka mkaguzi afike kwa miguu, na wakaguzi walikuwa saba. Zahanati za nyanda zote zingebaki bila hata sauti ya kubahatisha. Angeweza pia kunyamaza. Wazo hilo lilikuja na sura nzuri, limevaa nguo safi. Atoe waraka namba tano, aseme kebo zirudishwe kwenye nguzo kwa sababu za kiufundi, azungushe mafundi kimya kimya, na baada ya miezi mitatu pasiwe na kosa wala mkosaji. Jina lake lingebaki zima. Ngolwe angeishughulikia leo hii kwa kumtuma mtu kwa pikipiki.

"Pikipiki kutoka hapa mpaka Ngolwe ni muda gani?"

"Kukiwa kukavu, siku moja. Sasa hivi daraja la Lupila limekatika."

Akakaa. Kulikuwa na njia ya tatu, na alikuwa ameiona tangu alipolishika lile tone la maji, ila alikuwa akiizunguka kama mtu anavyozunguka dimbwi. Mkaguzi aliruhusiwa kuvunja lakiri ya kituo anachokikagua. Hakuruhusiwa kumwambia mtu mwingine avunje yake. Lakini hewani kila mtu husikia, na akisema maneno hayo hewani hataweza kuyafukia mtaroni.

"Sauti ya Lwitiko haitoki," alisema polepole. "Lakini kusikia anasikia. Kebo iliyolowa hupunguza sauti na makelele kwa pamoja, basi masikio yanabaki mazima. Siku ishirini na tatu anawasikia wengine wote, na hakuna anayemsikia yeye."

Mama Tulinagwe aligeuza uso akatazama dirisha. Alipogeuka tena macho yake yalikuwa makavu. "Kebo yangu ya zamani iko juu ya dari," alisema. "Wewe kijana, panda. Mimi natoa vitunguu."

*

Saa sita na robo ukungu ulikuwa umepanda, na waya wa shaba ulikuwa umenyooka tena kati ya mlingoti na mwerezi wa nyuma, bado ukinukia kitunguu. Anyosisye alipima. Mchoro ukaanza juu kushoto, ukateremka taratibu, ukazama katikati, ukapanda tena kulia. Moja nukta tisa kingoni. Mizani ikawasha njano, ikaandika kwamba kituo kitafungwa baada ya dakika sitini.

Alilitazama lile bonde kidogo. Kisha akachukua kisu kilichokata kebo, akalichokoa lile donge jekundu la lakiri, akasukuma swichi chini. Relei ikabisha mara moja, tak, na kompyuta ikanyamaza. Akashika maiki. Ilikuwa miaka mingi tangu azungumze na mtu ambaye hakumwona.

"Vituo vyote, vituo vyote, hapa ni Lihanje. Anayezungumza ni Anyosisye Mwambipile wa Ofisi ya Mawimbi. Mizani niliiandika mimi. Ina kosa, na kosa ni langu. Wote mliofukiwa kebo kwa waraka namba nne, alama mnazopewa si za kweli. Mkiona mchoro wenu ni bapa, hauna bonde, basi hamsikiki. Msizime redio. Vunjeni lakiri. Ng'oeni kebo ya ardhini, chomekeni waya wowote mrefu nyuma ya kirekebisha antena, utoeni dirishani, mwiteni jirani yenu kwa jina na msubiri ajibu. Atakayeulizwa kuhusu lakiri aseme ametumwa na mimi."

Akarudia mara tatu. Kisha akasema: "Ngolwe, Ngolwe, Lwitiko. Tunajua hatukusikii. Fanya hivyo, nasi tunakungoja."

Akaachia kitufe. Spika ikamwaga mvumo wa hewa tupu.

Dakika kumi. Ishirini. Mama Tulinagwe alimenya kiazi na kukiweka mbele yake, naye akakila bila kujua. Kituo kimoja cha mbali kikaita, sauti ya mwanamke ikiuliza kama ni kweli au ni mtu anacheza. Kingine kikaita jirani yake, na jirani akajibu, na mtu akacheka hewani, kicheko kirefu. Ngolwe hakukuwa na kitu.

"Ana waya?" aliuliza Anyosisye.

"Ana uzio mzima wa mbuzi. Tulia."

Dakika ya arobaini na moja, chini kabisa ya mvumo, kitu kikakwaruza. Mama alikuwa ameshainama, sikio lake kwenye spika, mkono mmoja umeinuliwa kumnyamazisha.

"...hanje, Lihanje, hapa Ngolwe. Nimefungia waya wa kukaushia nguo. Shemeji upo? Maji yako vidole vinne chini ya ukingo. Nasema vinne. Nimetuma kila siku. Kila siku kompyuta imeniandikia imefika."

Anyosisye alishika maiki kwa mikono miwili. "Ngolwe, nakusikia. Vidole vinne. Nakusikia kwa mbali lakini nakusikia. Usokela, Usokela, mmesikia?"

"Usokela tumesikia," sauti ya Bi Sekela ikaja karibu na nzito. "Ubao wetu unasema mita tatu."

"Uzime huo ubao, mama. Watoeni watu mtoni."

"Wameshaanza kutoka. Kengele ya shule inapigwa. Nipeni nusu saa."

Ilichukua dakika hamsini. Walikaa wote watatu hewani muda huo wote, vituo vitatu, Bi Sekela akitaja mashamba moja baada ya jingine jinsi yalivyobaki bila watu: la Mwaisaka tayari, la ushirika tayari, kwa bibi Ndimbumi wanabebana na mbuzi. Lwitiko alikuwa akitaja vidole. Vinne. Vinne. Vitatu na nusu. Bi Sekela aliposema, "Ngolwe, mto hauna mtu, fungua," Lwitiko hakujibu kwa maneno. Aliacha kitufe kimebanwa, na kupitia kwenye waya wa kukaushia nguo wakasikia, kwa mbali sana, chuma kikilalamika na kisha mngurumo wa maji yanayoshuka kwa njia yake.

Mama Tulinagwe alikaa kwenye kiti. Akavua buti moja, akaikung'uta, akaivaa tena.

Anyosisye alitoa ile barua kwenye begi, akaikunja mara mbili, akaisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. Baada ya saa chache Ofisi ingekuwa imejua. Sahihi yake ingefutwa kila mahali, na huenda pikipiki ya kuja kumchukua ingefika kabla ya juma kwisha, daraja likiruhusu. Hayo yangekuja.

Spika ikakwaruza.

"Lihanje." Lwitiko alikuwa amerudi, anahema. "Yanashuka. Yatakuwa salama kabla ya jioni." Kisha sauti yake ikawa ndogo, ya mtu aliyezoea kujisemea mwenyewe. "Mheshimiwa wa Ofisi, nina swali moja. Kesho kuna atakayenisikiliza, au ni leo tu?"

Mama Tulinagwe alimtazama Anyosisye. Hakumsaidia hata kwa kukohoa.

Akabonyeza kitufe.

"Lwitiko, kesho saa moja asubuhi nitakuita kwa jina lako kutoka hapa Lihanje. Na keshokutwa, na kila asubuhi wakiniacha hapa, na wakiniondoa nitakuita kutoka popote nitakapopata waya na betri. Na sitainuka kitini mpaka unijibu."